Namna ya kuzipata blogu binafsi zinazostahili muda wako: mwongozo kamili

Kuna mtu ambaye kwa miaka mingi amekuwa akiandika kuhusu kitu kimoja tu: saa za ukutani zinazotiwa ufunguo. Anafungua saa, anapiga picha kila gurudumu, anaeleza kwa nini meno yamelika upande mmoja, anakiri alipokosea, kisha wiki mbili baadaye anarudi na saa nyingine. Hana mhariri wala mdhamini. Niliisoma blogu yake usiku mzima mara ya kwanza nilipoifungua. Haikuwa kwenye ukurasa wa kwanza wa matokeo ya utafutaji, wala wa pili, wala wa tano. Nilifika kwake kupitia mwandishi mwingine anayeshughulika na ramani za zamani, ambaye alimtaja katika sentensi moja tu.

Tangu hapo nimekuwa nikitafuta blogu kwa makusudi, kama wengine wanavyotafuta vitabu vilivyokwisha madukani. Nimejifunza kwamba kuna njia zinazozaa matunda na njia zinazopoteza muda, na kwamba mpangilio wa hatua una maana kuliko nilivyodhani mwanzoni. Ninaziandika hapa kwa utaratibu ninaoufuata mwenyewe.

Unachotafuta hasa

Mwezi Desemba 1997, Jorn Barger alianza kuiita tovuti yake weblog. Ilikuwa orodha ya viungo vya mambo aliyoyakuta akizurura mtandaoni. Mwaka 1999 Peter Merholz akalikata neno hilo vipande viwili kwa mchezo, likabaki blog, nasi tukalifanya blogu. Mwaka huohuo huduma za kuandikia blogu, Blogger na LiveJournal, zikafunguliwa, na WordPress ikafuata mwaka 2003. Ninataja historia hii kwa sababu moja: blogu za mwanzo zilikuwa ni watu kuwaonyesha wenzao njia. Tabia hiyo haijafa, na ndiyo itakayokusaidia kuliko chombo chochote nitakachokitaja.

Ninaposema blogu binafsi huru nina maana ya tovuti ya mtu mmoja, au wawili wanaojuana, inayoandikwa kwa sauti yao, kuhusu wanachokijali, bila mtu wa kuwaambia waandike nini. Ukurasa wa makala ndani ya tovuti ya kampuni unaweza kuitwa blogu, lakini huo ni tangazo lililovaa koti. Tovuti zenye vichwa vya "vitu kumi bora" nazo ziweke kando.

Blogu hizi hazionekani kwa sababu wenyewe hawashindanii kuonekana. Injini za kutafutia hupima, pamoja na mengine, ni tovuti ngapi zinakuelekezea viungo na ni kwa kiasi gani ukurasa wako unajibu maneno ambayo watu wengi huyaandika. Mwenye bidhaa ya kuuza hulipa watu wamfanyie kazi hiyo. Mtu wa saa za ukutani hana habari nayo. Juu ya hayo, Google ilifunga Google Reader tarehe 1 Julai 2013, programu ambayo wasomaji wengi walikuwa wakiitumia kufuatilia blogu, na wengi wao hawakuhamia kwingine. Waandishi waliendelea kuandika. Kilichofutika ni njia za kuwafikia.

Hatua ya kwanza: andaa pa kuhifadhi

Watu wengi huanza kwa kutafuta. Mimi nasema anza na pa kuweka utakachopata, la sivyo utakuwa unateka maji kwa pakacha. Utaipata blogu nzuri leo jioni, utaifurahia, utafunga kivinjari, na baada ya mwezi hutakumbuka hata jina lake. Alamisho za kivinjari hazitoshi, kwa kuwa hazikwambii kilicho kipya, na mwandishi huyu pengine huandika mara nne kwa mwaka.

Unachohitaji ni programu ya kusomea milisho. Mlisho ni faili dogo ambalo tovuti huliandika yenyewe kila makala mpya inapotoka. Ndani yake kuna kichwa, tarehe, kiungo, na mara nyingi makala nzima. Muundo unaojulikana zaidi ni RSS, uliotoka Netscape mwaka 1999. Mwingine ni Atom, uliokamilishwa kuwa kiwango rasmi mwaka 2005. Programu yako huyapitia mafaili hayo kila baada ya muda na kukuletea kilichoongezeka, kwa mpangilio wa tarehe. Hakuna algoriti inayokuamulia uone nini kwanza, na mwandishi hahitaji jina lako wala barua pepe yako.

Feedly na Inoreader hufanya kazi ndani ya kivinjari chochote na zote zina kiwango cha bure. NetNewsWire ni ya bure kwa Mac na iPhone. Feeder ni ya bure kwa Android na haikutaki ufungue akaunti. Ukitumia Thunderbird kwa barua pepe, nayo inaweza kusoma milisho. Anayependa kumiliki kila kitu mwenyewe anaweza kuweka FreshRSS kwenye seva yake. Usitumie siku nzima kulinganisha. Chagua moja, kwa sababu ukiamua kuhama, utatoa orodha yako yote kwa faili moja la OPML na kuipeleka kwenye programu nyingine. Toa faili hilo kila baada ya miezi michache na ulihifadhi pembeni hata kama huna mpango wa kuhama.

Kuongeza blogu, nakili anwani ya ukurasa wake wa mbele na uibandike kwenye programu. Mara nyingi programu itautambua mlisho yenyewe. Ikishindwa, jaribu kuongeza kitu mwishoni mwa anwani: /feed kwa tovuti za WordPress, /feeds/posts/default kwa Blogger, /rss kwa Tumblr, na kwa nyingine /rss.xml, /atom.xml, /feed.xml au /index.xml. Hizo zikikataa zote, fungua msimbo wa ukurasa kwenye kompyuta, kwa kawaida kwa Ctrl na U, kisha utafute ndani yake neno rss au atom. Anwani ya mlisho mara nyingi imekaa hapohapo, karibu na mwanzo. Tovuti isiyo na mlisho kabisa ipo pia. Hiyo iweke kwenye alamisho na uitembelee kila inapokujia akilini.

Hatua ya pili: punguza upana wa swali

Ukiandika "blogu nzuri za sayansi" utaletewa orodha zilizotungwa na watu ambao hawajazisoma. Neno pana huvuta tovuti pana. Blogu binafsi huishi kwenye vichochoro.

Chukua karatasi uandike mambo kumi unayotaka kuyajua, kila moja likiwa dogo kiasi kwamba unaona haya kidogo kumwuliza mtu. Usiandike "historia", andika jinsi minara ya taa baharini ilivyowashwa kabla ya umeme. Usiandike "mimea", andika kuvu wanaoota kwenye magome ya miti iliyoanguka. Majalada ya vitabu yanayoshonwa kwa mkono, alama za barabarani zilizochorwa kwa brashi, lugha zenye wasemaji wachache, hesabu za kukunja karatasi, redio za masafa mafupi, kumtunza mzazi anayepoteza kumbukumbu, kuendesha baiskeli peke yako kwa miezi. Kila moja kati ya haya kuna mtu anayeliandikia, kwa sababu ni dogo kiasi cha mtu mmoja kulibeba.

Karatasi hiyo usiitupe. Utairudia katika kila hatua inayofuata, na utakuta maswali mapya yanazaliwa kutokana na unayosoma.

Hatua ya tatu: tafuta kwa maneno ya mtu

Hapa ndipo pana kazi ya kufurahisha. Muuzaji na mwanablogu wakieleza jambo moja hawatumii maneno yaleyale. Muuzaji hasemi "nilikosea". Hasemi "sijui kwa nini, lakini safari hii ilikubali". Hasemi "huu ni mwaka wa tatu ninajaribu". Kwa hiyo weka kwenye utafutaji wako kifungu ambacho ni binadamu aliyefanya kitu kwa mikono yake tu ndiye angekiandika, ukakizungushie alama za nukuu ili injini ikitafute kama kilivyo, kisha uongeze neno la somo lako. Mfano: "nilipoifungua" saa ya ukutani. Au "nilijaribu tena" kushona jalada. Au "shajara yangu" kuvu. Fanya hivyo kwa kila lugha unayoisoma. Katika lugha zenye maandishi mengi mtandaoni matokeo ni mengi na takataka ni nyingi. Katika lugha nyingine matokeo ni machache, lakini mara nyingi nimekuta kwamba nusu yake ni watu wa kweli.

Alama ya kutoa nayo ni rafiki. Andika -bei -punguzo -nunua baada ya maneno yako, na maduka mengi yatatoweka. Ukiona tovuti moja kubwa inajirudia katika kila matokeo, itoe kwa -site: ikifuatiwa na anwani yake.

Amri hiyo ya site: hufanya kazi upande wa pili pia. Blogu nyingi huishi chini ya anwani za wenyeji wachache, yaani huduma zinazohifadhi tovuti za watu, kwa hiyo unaweza kuiambia injini itafute humo tu: site:blogspot.com, site:wordpress.com, site:bearblog.dev, site:neocities.org, site:micro.blog, site:github.io. Anwani ya mwisho imejaa waandishi wa programu za kompyuta, lakini humohumo kuna wapenda nyota na wapenda ndege. Kila mwenyeji ana tabia yake. Blogspot ina hazina kubwa ya watu walioanza zamani na hawakuhama, wakiwemo wazee wanaojua mambo ambayo hayajaandikwa kwingine.

Ukitumia Google, bonyeza kichujio cha Web juu ya matokeo. Kiliongezwa mwaka 2024 na huondoa video, picha na majibu ya muhtasari, vikabaki viungo vitupu. Kisha jaribu amri ya tarehe. Ukiandika before:2012 baada ya maneno yako, utaletewa kurasa ambazo injini inadhani ni za kabla ya mwaka huo. Haipatii kila wakati, ila huondoa kwa mkupuo mmoja mlima wa kurasa zilizotungwa na akili mnemba, ambazo siku hizi ndizo kikwazo kikubwa kuliko vyote kwa mtafutaji wa blogu. Nimefanya utafutaji uleule mara mbili, mara moja na tarehe na mara moja bila, na tofauti ilikuwa kama kutoka sokoni kuingia maktaba.

Hatua ya nne: badilisha injini

Injini kubwa zimetengenezwa kumjibu mtu mwenye haraka. Zipo ndogo zilizotengenezwa kwa ajili ya kazi yetu.

Marginalia Search ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Ilianzishwa mwaka 2021 na mhandisi mmoja wa Sweden, Viktor Löfgren, naye aliipanga ipendelee kurasa zenye maandishi mengi na mapambo machache. Usiiulize swali zima kama unavyofanya kwingine. Ipe maneno mawili au matatu ya somo, kama unavyofungua faharasa ya kitabu. Ukipata tovuti unayoipenda, Marginalia inaweza kukuonyesha tovuti nyingine zinazofanana nayo na zile zinazoielekezea viungo. Kwangu mimi kipengele hicho kimefungua milango mingi kuliko sehemu ya utafutaji yenyewe.

Wiby huorodhesha kurasa sahili za mtindo wa zamani, na ina kiungo cha kukupeleka popote pale. Feedle hutafuta ndani ya blogu na podikasti peke yake. Kagi, ambayo kwa kawaida ni injini ya kulipia, ilifungua mwaka 2023 ukurasa uitwao Small Web ambao mtu yeyote anaweza kuutumia bure: unakuonyesha makala moja ya karibuni kutoka kwenye orodha ya blogu binafsi, ukibonyeza unapewa nyingine. Blogu zake nyingi ni za Kiingereza.

Hatua ya tano: saraka, pete na bahati

Kabla ya injini kutawala, watu walipanga tovuti kwa mikono. Saraka ya Yahoo ilifungwa mwishoni mwa mwaka 2014, na DMOZ, iliyokuwa ikiendeshwa na watu wa kujitolea, ikafuata mwaka 2017. Kazi hiyo imeanza upya kwa udogo. Ooh.directory, iliyozinduliwa na Phil Gyford mwaka 2022, hupanga blogu kwa mada na kuonyesha kwa kila moja lini imeandikwa mara ya mwisho na huandikwa mara ngapi. Taarifa hiyo ya pili ni ya thamani kuliko inavyoonekana. Utaona umuhimu wake nikifika kwenye kutunza orodha. Ingia ukiwa na karatasi yako ya maswali kumi, uende moja kwa moja kwenye matawi ya ndani kabisa ya saraka. Matawi ya nje yana majina ambayo tayari unayajua.

Pete za tovuti ni uvumbuzi wa katikati ya miaka ya 1990. Waandishi wenye jambo la pamoja hukubaliana kuweka chini ya kurasa zao viungo viwili, kimoja cha kwenda kwa jirani wa mbele na kingine kwa jirani wa nyuma, mpaka duara likamilike. Zimerudi miaka ya karibuni. Ukiona mishale ya namna hiyo chini ya blogu unayoipenda, ifuate. Mara nyingi pete pia ina ukurasa wenye orodha ya wanachama wote, na huo ndio wa kuuhifadhi.

Neocities, iliyofunguliwa mwaka 2013, ina ukurasa wa kuvinjari tovuti kwa lebo. Bear, mwenyeji wa blogu za bearblog.dev, ina ukurasa wa makala mpya za waandishi wake wote. Indieblog.page ina kitufe kimoja kikubwa ambacho ukikibonyeza kinakupeleka kwenye makala ya mtu usiyemjua. Nownownow ni saraka iliyotokana na wazo la Derek Sivers la mwaka 2015, kwamba kila mwenye tovuti aweke ukurasa mmoja wa kueleza anashughulika na nini kwa sasa. Wengi waliomo wana blogu, na ukurasa huo utakuonyesha mtu kabla hujaonyeshwa makala zake.

Bahati nayo ipangie kipimo. Mimi hujipa mibonyezo 20, basi. Katika 20 kwa kawaida nahifadhi moja, mara chache mbili. Ukizidisha, mkono unazoea kubonyeza na jicho linaacha kusoma.

Hatua ya sita: mfuate mwandishi

Hatua zote zilizotangulia ni za kukupatia blogu ya kwanza. Ukishaipata, acha kutafuta mada, anza kumfuata mtu. Mwandishi makini tayari amekufanyia kazi ya kuchuja: ameshasoma blogu mamia na kuzitupa. Unachotakiwa kujua ni wapi ameziweka alizobakiza.

Sehemu ya kwanza ni orodha ya blogu anazozisoma. Wengine huiweka pembeni mwa ukurasa, wengine kwenye menyu chini ya neno viungo, wengine huificha ndani ya ukurasa wa kujitambulisha. Baadhi hutoa faili la OPML ambalo unaweza kulipakua. Usiliingize lote kwenye programu yako, utazama. Fungua kila blogu, soma makala moja, chagua.

Sehemu ya pili ni viungo ndani ya makala zenyewe, na hii naithamini kuliko ya kwanza. Orodha ya pembeni inaweza kuwa ya miaka saba iliyopita na imejaa marafiki wa heshima. Kiungo ndani ya makala kimewekwa kwa sababu mwandishi alihitaji wazo la mtu huyo. Tafuta hasa sentensi ambamo anabishana na mwanablogu mwingine. Watu wanaopingana kwa heshima huwa wanasomana kwa makini sana, na ukisoma pande zote mbili unaelewa jambo kwa undani kuliko ukisoma upande mmoja mara kumi. Wako pia wanaochapisha, kila wiki au kila mwezi, makala ya viungo pekee; huyo ukimpata, soma viungo vyake vya mwaka mzima.

Sehemu ya tatu ni wanaomsoma yeye. Chini ya makala angalia nani ametoa maoni ya maana, kwani jina lake mara nyingi ni kiungo cha tovuti yake. Kisha geuza utafutaji: andika anwani ya blogu ndani ya alama za nukuu, ongeza -site: na anwani ileile, na injini itakuletea kurasa za wengine zinazoitaja. Wanaomtaja mtu asiyejulikana ni wachache, na karibu wote wanastahili kutazamwa. Hivi ndivyo nilivyowapata waandishi wa saa wengine watatu, mmoja wao anayetengeneza saa za minara ambazo pendulamu yake humzidi mtu urefu.

Weka kanuni hii: kutoka kwa kila blogu unayoihifadhi, chukua tatu za kuzitazama, na uingie ndani hatua tatu tu kabla ya kupumzika. Tatu mara tatu mara tatu ni 27, na hiyo ni kazi ya jioni nzima. Andika pia nani alikupeleka kwa nani. Programu nyingi za milisho huruhusu kubadilisha jina la blogu, kwa hiyo naongeza mwishoni jina la aliyenielekeza. Baada ya mwaka utaona kwamba nusu ya blogu unazozipenda zimetoka kwa waandishi wawili au watatu. Hao ndio viongozi wako. Chochote wanachokiunganisha, fungua.

Hatua ya saba: pima kabla ya kufuata

Makala moja nzuri haitoshi. Kuna watu walioandika makala moja ya ajabu na nyingine 200 za kawaida. Soma tatu: ile iliyokuleta, ya karibuni zaidi, na moja ya zamani iliyochaguliwa bila kufikiri. Mbili kati ya tatu zikikushika, ifuate.

Kuhusu kurasa zilizotungwa na mashine, au na mtu anayelipwa kwa idadi ya maneno, kipimo changu ni kitu mahususi. Mtu aliyefungua saa kweli atakwambia skrubu ya tatu ilikuwa imekatika kichwa na akaitoa kwa kuizungushia uzi. Aliyetunga atakwambia ufunguaji wa saa unahitaji uangalifu na zana sahihi. Angalia pia idadi: tovuti ya mtu mmoja inayotoa makala sita kila siku juu ya mada sita si ya mtu mmoja. Angalia picha, kama ni zake. Angalia kama amewahi kurudi nyuma kusahihisha alichoandika. Marekebisho yenye tarehe, "hapa nilikosea, ukweli ni huu", kwangu ndiyo muhuri wa uhakika.

Usimhukumu kwa sura ya tovuti. Rangi zinazoumiza macho na herufi ndogo ni mambo ya dakika moja: kivinjari chako kina hali ya kusomea inayobakiza maandishi tu, na programu ya milisho hufanya hivyohivyo.

Makosa ya tahajia nayo yaache. Ila kwa mambo ya afya, sheria na fedha kuwa mkali zaidi. Uzoefu wa mtu mmoja ni wa kweli kwake, na unafaa kukuonyesha maswali ya kumwuliza mtaalamu, si zaidi ya hapo.

Blogu zilizonyamaza

Usiipite blogu kwa sababu makala ya mwisho ni ya mwaka 2011. Iliyokoma ina jambo ambalo iliyo hai haina: imekamilika. Unaweza kuanza makala ya kwanza ukaenda mpaka ya mwisho kama kitabu, ukaona mtu anaanza bila kujua kitu, anajifunza, anabobea. Nyingi zina menyu ya miezi na miaka pembeni. Anzia chini kabisa.

Ukikuta kiungo kimekufa, nakili anwani yake uipeleke kwenye Wayback Machine, hifadhi iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2001 na Internet Archive. Chagua tarehe iliyo karibu na siku makala iliyokupeleka ilipoandikwa. Na ukipenda ukurasa wa blogu ndogo iliyo hai, ihifadhi humo mwenyewe kwa kubandika anwani kwenye sehemu ya kuhifadhi. Inachukua dakika moja. Kikoa, yaani jina la anwani ya tovuti, kisipolipiwa tu, tovuti ya miaka 15 hutoweka kwa siku moja, na mara nyingi mwenyewe hana nakala.

Kutunza ulichopata

Baada ya mwezi utakuwa na blogu 60 na utaanza kuhisi mzigo. Hapa ndipo wengi hukata tamaa, na kosa karibu kila mara ni lilelile: wamechanganya tovuti za habari na blogu binafsi kwenye orodha moja. Tovuti ya habari hutoa makala 100 kwa siku, mtu wa saa hutoa moja kwa wiki mbili, na sauti yake inazama. Toa habari zote humo. Blogu 60 za watu binafsi, kwa wastani, haziwezi kukulemea, kwa kuwa wengi wao huandika kwa nadra.

Panga mafungu kwa mara ya uandishi, si kwa mada. Fungu la wanaoandika kwa nadra lifunguliwe kwanza kila siku, na kila kilichomo kisomwe. Fungu la wanaoandika mara kwa mara lipitiwe mwisho wa wiki. Fungu la tatu ni la majaribio: blogu mpya inaingia humo, na baada ya makala tano unaamua ihamie juu au iondoke. Ondoa bila huruma. Ukiona umeruka makala za mtu mara tatu mfululizo, umeshaamua tayari, hujajiambia tu. Zima pia namba inayohesabu ambazo hujasoma, kama programu yako inaruhusu.

Kisha mwandikie mwandishi. Wengi huweka anwani ya barua pepe kwenye ukurasa wa kujitambulisha. Sentensi nne zinatosha: makala gani, kitu gani ndani yake kilikusaidia au kukushangaza, na swali moja kama unalo. Usiombe kitu. Watu hawa huandika miaka mingi bila kujua kama kuna msomaji hata mmoja. Na mwishoni mwa barua uliza: wewe unawasoma nani? Mtu wa saa alinijibu swali hilo kwa majina saba, matano kati yake hayamo kwenye saraka yoyote wala injini yoyote niliyoijaribu.

Ukiwa na tovuti yako, hata ya ukurasa mmoja, weka humo orodha ya blogu unazozisoma, kila moja na mstari mmoja wa kueleza kwa nini. Andika tarehe uliyoisahihisha mara ya mwisho. Orodha yangu ina blogu 41, na mtu wa saa yuko wa kwanza.